Mwenge juu ya Kaburi la Papa

Kisangani, mtaa wa Tshopo

Mama yangu mpendwa,

Asalamu aleikum. Kabla ya lolote nauliza habari za magoti yako. Tonton Radjabu, mbeba barua zetu, ameniambia kwamba siku hizi unaswali umekaa juu ya kigoda, na kwamba kile kikohozi cha asubuhi kimerudi pamoja na mvua. Ile dawa ya kuchua ilifika, au chupa ilivunjika tena njiani kati ya Ubundu na Kindu kama ile ya kwanza? Mpunga umechanua vizuri? Na paa la jikoni, lile ambalo nimekuwa nikiahidi kulitengeneza kila barua, bado linakuvujia juu ya jiko?

Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na mikono yangu imepasuka kwa simenti kama kawaida yake. Uzima mwingine sina, na sababu yake nimeiandika humu.

Mwamini, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Kama mama amekaa na watu barazani, ikunje barua kwanza. Ngoja shangazi aende zake, na yule jirani anayependa habari za mjini naye aende zake. Kisha msomee mama yote, neno kwa neno. Usiruke mahali kwa kunihurumia, maana nakujua wewe.

Mama, Tonton Radjabu alinifikishia maneno yako yote. Kwamba ukimaliza kuvuna utapanda lori mpaka Kindu, kisha meli, kisha treni, uje uone kaburi la mume wako, papa yetu, kwa macho yako. Kwamba umekwisha kuwaeleza watu wa msikitini kuwa serikali imemwekea jiwe zuri lenye mwezi na nyota, na kwamba mwezi huo ameuchora mtoto wake mwenyewe kwa mkono wake. Radjabu alikuwa anacheka kwa furaha akinieleza. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Hakuna mwezi, mama. Juu ya kaburi la papa kuna mwenge wa chama. Na ni kweli kwamba mkono uliouweka pale ni wangu.

Acha nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu nimekuwa nikikuandikia juu juu tu. Karakana yetu hutengeneza vigae na yale matofali yenye matundu ya kupitisha hewa. Mwaka juzi serikali iliagiza mawe ya makaburi kwa ajili ya askari wazee, wale waliopigana vita vya Wabelgiji huko Abisinia na kwingineko. Kila mmoja jiwe moja, la simenti na kokoto nyeupe, limesuguliwa mpaka linateleza. Juu ya jina kuna duara, ukubwa wa kisahani cha chai, na ndani ya duara hilo tunapiga alama. Tuna kalibu tatu za bati: msalaba kwa Mkristo, mwezi na nyota kwa Mwislamu, na mwenge kwa yule ambaye hakuna mtu aliyekuja kumsemea. Alama hupigwa simenti ikiwa mbichi. Ukiwahi sana, inamezwa, na ukichelewa, simenti inakataa.

Sisemi mwenge ni kitu kibaya. Barua hupita mikono mingi, na yeyote anayeifungua hii ajue kwamba kadi yangu ya chama ninayo na salongo, ile kazi ya umma, sikosi hata Jumamosi moja. Nasema tu kwamba haikuwa alama ya papa.

Utauliza ofisi ilikosaje kujua. Ofisi haitaki kukisia kwa majina, na katika hilo siwalaumu. Kwetu Maniema kuna akina Ramazani wanaokwenda misa kila Jumapili, na tangu majina ya ubatizo yafutwe, karatasi haikuambii tena nani alibatizwa na nani alitahiriwa kwa dua. Kwa hiyo waliamua kwamba ndugu wa marehemu aje mwenyewe, atoe jina lake, aseme alama ipi. Tangazo lilisomwa redioni na kubandikwa mlangoni pa ofisi. Nililisoma nikiwa nimesimama pale pale mlangoni, mvua inaninyeshea mgongoni. Ilikuwa hatua tatu tu kuingia ndani. Nikapanda baiskeli yangu nikaondoka.

Ili unielewe, lazima nikuambie papa alikuwa nani hapa mjini. Wewe ulimjua akija likizo, nguo zimepigwa pasi, analeta kitambaa na chumvi. Mimi nilimkuta mzee. Alikuwa amebaki hapa kungoja karatasi zake za malipo ya uzee, ambazo kila alipokwenda kuuliza aliambiwa zimeondoka jana tu kwenda Kinshasa. Wakati akingoja, alijipa kazi. Kila asubuhi alivaa koti lake la jeshi, kwenye joto hili la kwetu, akabandika nishani zake tatu, akaenda kusimama mlangoni pa soko. Aliwapanga wauza pondu, yale majani ya muhogo, kwenye mstari ulionyooka. Gari la mkubwa likipita, alipiga saluti, hata kama ndani alikuwa dereva peke yake. Watu walimwita Papa Garde-à-vous, kwa ile amri ya askari ya kusimama wima. Wale wauza pondu walimpenda kweli, maana alipokuwapo hakuna aliyeibiwa hata fungu moja. Hakuwa mlevi, mama, wala hakuwa mwombaji. Alikuwa anachekwa tu, na mimi kuchekwa sikuweza.

Sasa hili litakuuma. Unakumbuka wakati wa kuandikisha majina mapya nilikuandikia kwamba nimechukua jina la baba yako, Kasimba, na kuliacha jina la papa, Salumu? Radjabu aliniambia ulipika wali siku ile, ukawaita majirani, ukasema mwanangu amemwinua babu yake. Haikuwa heshima kwa babu. Nilitaka tu kwamba mtu akisikia jina langu asiniulize kama nina undugu na yule mzee wa sokoni.

Siku moja papa alikuja karakana, saa ya kula. Alikuwa amebeba kwanga mbili za muhogo na samaki mkavu ndani ya majani. Alisimama mlangoni akapiga saluti kwa Papa Ikomo, mkubwa wetu wa kazi, mtu wa Barumbu. Wenzangu wakaanza kucheka kwa chini. Mmoja akaniuliza:

"Kasimba, ule muzee anakuangalia weye sana. Iko nani yako?"

"Iko mutu wa kwetu tu," nikasema. "Wa njiani. Simujue sana."

Alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima mpaka siku ya mwisho. Nilingoja aniumbue pale pale, na ningestahili. Lakini alishusha mkono wake polepole, akamwambia Ikomo:

"Bon, chef. Mimi niko mutu wa njia tu. Niliona fundi yenu mumoja amekonda, nikamuletea chakula."

Akaweka furushi juu ya mfuko wa simenti, akageuka kijeshi, akaenda. Tuligawana kile chakula sote. Mimi pia nilikula, mama. Samaki alikuwa mtamu, na bado nakumbuka utamu wake, na hilo ni moja ya mambo ninayoyaonea aibu.

Tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina. Tulipokutana barabarani alisema, "Bonjour, citoyen," yaani mwananchi, kama anavyomwambia mtu yeyote, na kupita. Kwanza nilidhani amekasirika. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba alikuwa ananilindia uongo wangu, kwa sababu ndivyo nilivyotaka. Na nilipoelewa sikufanya lolote. Niliona mambo yamekaa vizuri.

Alipofariki katika hospitali ya askari, Waislamu wa mtaa wake walikuja wakamwosha, wakamkafini, wakamswalia, kisha askari wakampigia tarumbeta. Hayo niliyokuandikia ni kweli, yashike. Lakini nilipokuandikia kwamba nilishuka kaburini kumpokea, nilikudanganya. Nilisimama upande wa barabara ya Kapalata na baiskeli yangu, kama mpita njia aliyesimama kidogo kutazama. Waliompokea kaburini ni fundi cherehani mmoja na mwadhini wa mtaa. Majina yao sikuwahi kuyauliza.

Kisha ikaja zamu ya jiwe lake. Papa Ikomo alikuwa anasoma orodha kwa sauti na sisi tunapiga. "Salumu, koplo. Huyu hana mutu. Piga mwenge." Kalibu ya mwezi ilikuwa karibu na goti langu, mama. Nilikuwa nimeitumia dakika chache zilizopita kwa mzee mwingine. Kama ningesema neno moja tu, "Ana mutu," kazi ingekuwa imekwisha. Niliwaza wenzangu, wawili wale wanaocheka zaidi, na ile "simujue sana" yangu. Simenti ilikuwa inakauka. Nikachukua mwenge nikaupiga.

Na ulitoka vizuri. Miali ya moto ilitoka yote, hata vidole vya ule mkono unaoushika ungeweza kuvihesabu. Ikomo aliwaita wengine waje waone. "Angalieni kazi ya Kasimba," akasema, "hii ndiyo mwenge." Nikacheka pamoja nao. Wiki ile ile nikakuandikia ile barua ya mwezi na nyota, kwa kuwa ulikuwa umeniuliza, na kwa kuwa nilijua kwetu Kasongo ni mbali.

Sitaki ufikiri kwamba nimeamka tu nikawa mtu mwema. Kama usingesema unakuja, labda ningenyamaza mpaka nife. Baada ya Radjabu kunipa ujumbe wako, nilifikiri njia ya mwizi: kwamba nitaufuta mwenge kimyakimya na kuchora mwezi, nawe ukifika utaukuta. Jumamosi iliyofuata salongo yetu ilikuwa kufyeka majani kwenye makaburi ya askari. Nikaficha tindo na nyundo ndogo ndani ya mfuko wangu. Wengine walipokwenda mbele na mapanga, mimi nilibaki kwenye mstari wa papa, nikapiga magoti, nikapiga pigo moja. Kipande cha moto kikaruka, ukubwa wa ukucha.

Papa Ikomo aliniona. Alikuja mbio, na yule si mtu wa kukimbia, ana tumbo.

"Nzambe! Unafanya nini pale? Ile iko alama ya parti! Unataka batuchukue sisi wote?"

Wenzangu wote wakaja, na mapanga yao mikononi. Walikuwa wanaogopa kweli, mama, walikuwa wanatazama barabarani kama kuna gari. Nilitafuta uongo. Nilikuwa nimezoea kuupata haraka, lakini safari hii haukuja.

"Iko papa yangu," nikasema.

"Papa yako namna gani? Papa Garde-à-vous?"

"Ndiyo. Alinizaa. Mimi iko mutoto ya Salumu."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekimbia kicheko kile miaka yote, na kilipofika wakati wake hakikuja. Ikomo alisoma jina juu ya jiwe, akanitazama, akatazama tena jiwe.

"Na mimi nilikusifu," akasema. "Mbele ya watu."

Akainama pale pale. Alichukua udongo na simenti kidogo iliyokuwa kwenye ndoo tuliyoileta kusimamisha mawe yaliyoinama, akaziba lile jeraha kwa kidole chake ili asije mtu akauliza. Kovu bado linaonekana ukijua pa kutazama. Kisha Jumatatu yake akanishika mkono, akanipeleka ofisini mwenyewe, akiwa amevaa shati safi.

Pale ofisini yupo mzee mmoja, sajini wa zamani, ndiye anayetunza daftari la askari wazee. Nikamwambia naitwa Kasimba na nimekuja kwa habari za koplo Salumu. Akaniambia hata bila kuinua uso:

"Kasimba iko nani? Weye iko mutoto ya Salumu. Tulikujuaka wote."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuna hata mmoja wao aliyenisemesha.

"Alitukataza. Alisemaka: muache mutoto, hii jina mupya inamupa kazi. Kila juma alipitaka nyuma ya karakana yenu, anaangalia matofali inakauka, anatuambia ile laini-laini ni ya mutoto yangu."

Mama, nyuma ya karakana kuna uwazi ambako tunaanika kazi zetu, na ukuta wake ni mfupi. Sikuwahi kugeuka kutazama.

Sasa nafika kwenye ninachokuomba. Mzee yule alifungua mtoto wa meza akatoa karatasi. Jiwe linaweza kubadilishwa. Mwenge hauvunjwi, jiwe lake litarudishwa ofisini likiwa zima, limefungwa gunia, kwa heshima zake. Tutapiga jipya lenye mwezi na nyota, na Ikomo amekubali. Lakini kwa kuwa tayari limeandikwa kwamba marehemu hakuwa na mtu, neno langu peke yangu halitoshi. Anatakiwa mjane. Lazima kiwepo kidole chako cha gumba kwenye wino, mbele ya mashahidi wawili, ukisema mume wako alikuwa wa dini gani. Karatasi hiyo imo ndani ya bahasha hii, na Tonton Radjabu ataisubiri siku atakazokuwa Kasongo.

Nikuambie na hili pia. Nilianza kukuandikia barua nyingine, fupi. Ilisema, "Mama, weka kidole hapa, serikali inahesabu wajane wa askari." Ungeweka bila kuuliza, kwa sababu unaniamini. Ilikuwa nzuri, ilikuwa imekwisha, ilibaki kufungwa tu. Niliisoma nikaona kwamba kwa barua hiyo nitampa papa mwezi wake kwa mkono ule ule uliomnyima. Nikaichana, nikaanza hii, na hii imenichukua siku nne.

Chini ya karatasi, baada ya mahali pa kidole chako, kuna mstari mwingine. Unasema: mtoto wa marehemu, jina lake na jina la baba yake. Mzee wa ofisini alinipa kalamu nijaze. Sikujaza. Nimempa sababu nyingine, lakini sababu ya kweli ni hii: nilimkana papa mbele ya watu, hawezi kuja kunikubali tena, na wewe ndiye uliyebaki. Mwamini naye ni mtoto wake. Hakumkana, na aliwahi kulia kwa ajili yake. Ukitaka mstari ule uandikwe jina la Mwamini, mwambie aliandike mwenyewe kwa mkono wake, sasa hivi, nami nitaipeleka karatasi ofisini kama tarishi na nitapiga jiwe kama fundi, bila neno. Ukitaka liandikwe langu, liandike. Kidole chako, mama, kiweke kwa ajili ya papa, lisiwe jambo la kunisamehe mimi.

Na safari yako usiivunje. Njoo. Kama karatasi itachelewa utaukuta mwenge, nami nitasimama pale kando yake, na utaniuliza chochote mbele ya mtu yeyote.

Nisalimie shangazi, ingawa najua atayajua haya yote kabla ya jua kuzama. Msalimie mwalimu wangu wa chuo, aliyenifundisha kushika kalamu. Mwambie kalamu hiyo sijaitumia vizuri. Salamu kwa mjomba wa mashine ya kukoboa mpunga, na kwa mume wa Mwamini, na kwa mtoto wao ambaye bado sijamwona. Wale uliowaambia habari za mwezi msikitini, usiwaambie umekosea wewe. Waambie nilikudanganya.

Nakubusu mikono na magoti yako yanayouma.

Ni mimi, mwanao Asumani. Jina la pili nimeliacha wazi hapa pia.